Ombi la Kumwondoa Bi Verdiana Kwenye Bodi ya Ushauri

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Afya ya Akili Mkondoani,
Kilosa.

Ndugu Mkurugenzi,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Nakuandikia nikiwa katibu wa Bodi ya Ushauri ya kituo chako, baada ya kutafakari sana na kubadili mawazo mara kadhaa. Uliagiza bodi iwe na mjumbe aliyewahi kulazwa hapa. Tulitekeleza. Mjumbe huyo ni Bi Verdiana, mama lishe wa Mikumi, aliyelazwa kwetu mara mbili akapona. Kwa heshima zote, naomba aondolewe. Sababu zangu ni hizi:

1. Anaitikia salamu ambazo hajapewa. Unajua mazoea ya hapa: mgonjwa haamkiwi, hata awe na umri wa bibi yako, anaitwa jina tu. Siku ya kwanza Daktari Fortunatus, ambaye ni sawa na kitinda mimba wake, alimwambia, "Verdiana, kaa pale." Bi Verdiana akajibu, "Marahaba, mwanangu," akaendelea kusimama. Akarudia, "Marahaba." Mmoja baada ya mwingine tulijikuta tukimwamkia, daktari akiwa wa mwisho, na ajenda ya kwanza ikachelewa. Baya zaidi, habari zilifika wodini. Sasa wanawake wote wazima wanaitikia marahaba kabla muuguzi hajafungua kinywa.

2. Anajua majibu. Kwa vikao vingi tulijadili kwa nini wagonjwa wa kike hawataki kutoka nje kuota jua. Tulikuwa tumekaribia kuunda kamati ndogo. Bi Verdiana akainua mkono: "Gauni mnalotupa liko wazi mgongoni. Turudishieni khanga zetu, muone kama hatutatoka." Khanga zilirudishwa. Leo uwanja umejaa wanawake wanaosukana nywele, na gari la mwenyekiti limekosa kivuli. Kamati ndogo ilikufa kabla ya kuzaliwa, nami ndiye niliyekuwa niiongoze.

3. Ni suala la kanuni. Huko Mikumi tembo hujadiliwa kila mwaka na watu wenye elimu zao, wala hakuna tembo aliyewahi kualikwa kikaoni. Nakiri kwamba mfano huu una udhaifu. Huenda mahindi yanayoliwa kila msimu ndiyo namna ya tembo ya kuwasilisha maoni. Lakini hoja yenyewe, nadhani, inasimama.

4. Alitudhalilisha kwenye ziara. Bodi ilitembelea wodi ya uangalizi, wanakopokelewa wagonjwa wapya, wake kwa waume. Daktari alikuwa semina Morogoro, na muuguzi aliyetuingiza aliitwa kwenye dharura akaondoka na ufunguo wake. Mlangoni alibaki Zabron, mlinzi mpya mwenye ufunguo wa pili, asiyemjua yeyote kati yetu tuliokuwa ndani. Nilimweleza kwa utulivu kwamba mimi ni katibu wa bodi na nina shahada mbili.

"Wote humo mna shahada, dada," alisema. "Tulia, chai inakuja."

Nilipandisha sauti. Akamwita mwenzake. Mwenyekiti naye alipotaja cheo chake, Zabron alimwonea huruma: "Na wa jana alikuwa waziri, mzee wangu. Kaa tu."

Nilivyozidi kujieleza vizuri ndivyo nilivyozidi kuonekana mgonjwa. Nikinyamaza, walisema nimeanza kupata nafuu. Tulikaa humo mpaka alasiri, Bi Verdiana alipofika, akiwa amecheleweshwa na usafiri wa Mikumi. Zabron, aliyewahi kuwa mteja wake wa wali maharage, alimwamkia kwa adabu. Bi Verdiana akachungulia dirishani, akatuangalia mmoja mmoja bila haraka, akasema, "Marahaba, baba. Hawa wanasema kweli. Wafungulie."

Tulitoka kwa neno la mtu ambaye jioni hiyohiyo tulikuwa tumepanga kumpigia kura ya kumwondoa. Kura iliahirishwa kwa aibu, ndiyo maana nakuandikia wewe.

5. Hapa ndipo penye hoja yangu kuu. Agizo lako linataka mjumbe aliyewahi kukaa wodini. Sasa sote tumekaa. Tumekunywa chai ya humo, na mmoja wetu alimeza kidonge ili aonekane mtiifu. Kwa hiyo bodi nzima inakidhi sifa, na kiti cha Bi Verdiana hakina kazi tena.

Wasalimie wahudumu wote, Daktari Fortunatus, wanawake wa uwanjani, na Zabron, ambaye simlaumu sana.

Wako nisiye na hakika bali mwenye heshima,

Loveth Gabrieli,
Katibu wa Bodi.

Tanbihi: Niliona si haki kumshtaki mtu bila yeye kujua, hivyo nilimsomea Bi Verdiana barua hii. Kwenye tembo alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha akaniuliza, "Ulipokuwa mle ndani, Loveth mwanangu, ulitaka nini kuliko vyote?" Nilijibu kabla ya kufikiri, jambo nisilolizoea: nilitaka mtu mmoja tu, aliye nje ya ule mlango, aniamini. Aliniongezea chai.

Kwa hiyo naomba upuuze namba 1 hadi 5, na uangalie kama tunaweza kupata wajumbe wengine wawili kama yeye. Hilo likishindikana, tafadhali asiondolewe kabla ya Alhamisi. Tunatembelea wodi ya wanaume, na nasikia mlinzi wa huko ni mgeni kuliko Zabron.