Chenga za Muhogo Ndani ya Rejeta

Jumanne, 11 Novemba

Nianze na shukrani, shida ije baadaye. Mama mkwe amekubali! Jumamosi tunamzika kaka yake, Mjomba Badu, huko Mampong, na atapanda gari langu. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kukanyaga ndani. Husafiri na mwanawe, shemeji Nsiah, mwenye gari jipya lenye kiyoyozi na majivuno. Mimi ananiita "mume wa Serwaah", jina langu, Asiamah, hajawahi kulitamka. Mke wangu ndiye aliyembembeleza. Mungu ampe maisha marefu.

Sasa shida. Bado Tupo anatoa mvuke. (Ndilo jina la gari, limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kioo cha nyuma.) Mshale wa joto unagonga mwisho kabla sijafika soko la Kejetia. Nikiegesha, dimbwi chini. Nimeinama, nimechovya kidole, nimeonja. Maji. Nimegundua mwenyewe, bila fundi. Si kila mwenye gari amejaliwa.

Jumatano, 12 Novemba

Suame, kwa mafundi. Fundi Tweneboa, mtu wa tumbo na kelele, ametega sikio kwenye injini, akaimba kidogo, kisha akatangaza kwamba rejeta imetoboka. Ing'olewe, ichomewe, nirudi Jumatatu. Nimemwambia msiba ni Jumamosi. Kasema basi nilizike na gari hukohuko, watu wameshakusanyika. Gereji nzima ikacheka.

Nimemshukuru kwa muda wake. Wivu tu. Mtu anayetengeneza magari ya wengine kutwa lazima amwonee donge mwenye lake.

Wakati wa kurudi nimesimama mara kwa mara kuongeza maji. Nsiah kanikuta nimeshika ndoo. Kashusha kioo kidogo, baridi yake isitoroke, kasema nisijitese shemeji, kiti cha mama kwake kiko palepale, hata hajakisogeza. Nimecheka kwa meno tu. Mama akipanda kwake Jumamosi, nitabaki mume wa Serwaah mpaka kaburini.

Alhamisi, 13 Novemba

Mungu huyu! Asubuhi nilimimina chenga za muhogo kwenye bakuli, maji, sukari, karanga, kama kila siku. Simu ikaita. Kurudi, chenga zimevimba, zimenywa maji yote, zimefika ukingoni, kijiko kimesimama wima. Nikakitazama kile kijiko. Kitu kinachokunywa maji na kuvimba! Rejeta inahitaji nini kingine?

Chenga zenyewe ni za mama mkwe. Anazikaanga mwenyewe, anauza Kejetia, na hutuletea gunia. Kwa hiyo hata dawa imetoka kwa familia. Nimemwaga bakuli moja kwenye rejeta. Nikaona ni uchoyo, nikaongeza. Nimewasha, nimesubiri. Chini pakavu!

Nilitamani kumpigia Tweneboa. Nimejizuia, mtu mzima hajisifu. Nimemwambia jirani tu, na muuza mikate.

Ijumaa, 14 Novemba

Pakavu bado. Nimezunguka mtaa wetu wa Bantama taratibu, mshale umetulia. Nimeosha gari, nimetandika kitambaa safi kwenye kiti cha mama. Serwaah kauliza mbona chenga zimepungua hivyo. Nimesema nilipata wageni. Kauliza wageni gani wanaokula bila kuchafua sahani. Nimeenda kuongeza upepo kwenye magurudumu.

Nimesali. Sijaomba kitu, nimeshukuru tu. Mara nyingi mtu anasahau.

Jumamosi, 15 Novemba

Nashindwa pa kuanzia.

Tumeondoka mapema, sote na vitambaa vyetu vya msiba, vyeusi na vyekundu. Mama mkwe kakaa mbele. Tangu habari za kaka yake zifike, hajasema zaidi ya "haya" na "sawa". Nsiah nyuma yetu, taa zake zimewaka mchana kweupe.

Barabara tambarare, salama. Kisha mlima wa Mampong. Mshale ukaamka. Nikasema moyoni, kaa chini bwana, leo nina mgeni. Haukusikia. Mvuke, mlio, kimya. Nikakata matawi nikayapanga barabarani nyuma ya gari, wenye magari wengine waone tumekwama. Nikafungua boneti. Nikagusa kifuniko cha rejeta kwa kitambaa.

Kikaruka! Kikafuatwa na ugali. Ugali mweupe, moto, mwingi, unapanda na kupanda, umejaa kwenye injini, umefika mpaka kwenye kioo. Mlima mzima ukanukia chakula.

Serwaah akasema, kwa sauti ndogo, kwamba sasa amewaona wale wageni.

Mama mkwe akashuka. Akanusa. Akachota kidogo kwa ukucha, akausugua kati ya vidole, akasema chenga hizi kakaanga yeye, mkono wake anaujua. Nilitamani mlima unimeze. Akanitazama, akatazama injini, akauliza mchuzi uko wapi.

Kisha akacheka. Alicheka mpaka kilemba kikadondoka, kashika mlango wa gari asianguke. Kicheko kikageuka kilio, halafu kikarudi kicheko. Akatuambia kwamba Badu, walipokuwa wadogo, aliziba paa linalovuja kwa fufu, bonge la muhogo uliotwangwa kwa chakula cha jioni, na baba yao akamchapa, na mvua ikawanyeshea wote wakiwa na njaa. Alikuwa hajamtaja kaka yake tangu afe. Nami nikalia, sijui kwa lipi.

Nsiah akafungua mlango wa gari lake, kiyoyozi kikavuma, akamwambia mama aje apumzike. Mama akasema amekuja na Asiamah na atafika na Asiamah. Asiamah! Kalitamka vizuri kabisa, kumbe siku zote alikuwa analo.

Nsiah kafunga kamba. Tumeingia msibani tunavutwa, Bado Tupo nyuma, mama kiti cha mbele pembeni yangu, na kitambaa chake dirishani anapungia ukoo. Kaniambia hajawahi kupanda gari lililotulia kama hili. Namshukuru Nsiah. Kamba yake nzuri sana.

Jumapili, 16 Novemba

Ibada ya shukrani, Mampong. Mchungaji kauliza nani ana sababu ya kushukuru, nimesimama kabla hajamaliza. Serwaah kanivuta nguo nikae. Nilikuwa bado sijafika kwenye mlima.

Mama kawasimulia wafiwa wote habari ya ugali. Wazee wamekuja kunishika mkono, wakisema Badu hajafa. Siku ya arobaini tutarudi tena hapa, na mama kasema mbele ya watu atakuja na mimi. Kanipa na zawadi: dumu la mawese, mekundu, mazito, ya shamba la Badu mwenyewe. Sijawahi kupewa kitu kizuri hivi.

Kesho tunavutwa mpaka Suame. Tweneboa ataikwangua rejeta na kuichomea, na atacheka, acha acheke, nimesamehe. Nimejifunza. Chenga haziingii kwenye rejeta, hata kwa mtutu wa bunduki.

Ila Nsiah kanivuta pembeni. Kasema jana kabla ya mlima aliona moshi wangu ni wa buluu. Injini inakunywa oili, ringi za pistoni zimekwisha, ifunguliwe yote kabla ya siku ya arobaini, la sivyo itakwama na mama ndani. Nimechomoa kijiti cha kupimia oili. Kweli, kikavu.

Injini inataka kitu kizito, cha kuteleza, kinachostahimili moto. Mawese, Serwaah huyachemsha mpaka yanatoa moshi na hayaharibiki. Nimekaa nalo hili dumu mlangoni, naligeuzageuza juani.

Dumu zima litatosha. Na gari likitoa moshi, angalau mama ataijua harufu. Nashukuru, nashukuru sana.