Kiti cha Mbele Kwenye Boti ya Mzungu wa Chumvi

Jumapili, 1 Julai 1973

Mkutano wa kijiji. Jambo la mwisho: ile boti aliyoitelekeza mzungu wa chumvi, yule aliyevuna chumvi hapa zamani, nyuma ya ghala. Mwenyekiti Likwata akasema itakuwa hori la kunyweshea mbuzi wa kijiji. Mikono yote juu. Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema ile si hori, ni boti ya mwendo kasi, na siku ya Saba Saba itakata maji mbele ya mgeni rasmi kutoka wilayani, na nahodha ni mimi, Kibwana!

Walicheka mpaka mkutano ukakosa adabu. Likwata akauliza kama itataga kwanza ndipo iende, maana kuku wamelala humo miaka na miaka. Kisha akaamua, mjanja yule. Ikienda, ni boti ya kijiji na nahodha ni mimi. Isipokwenda, ni hori, na wa kulijaza maji kila asubuhi ni mimi. Kisima chetu kiko mbali, kidogo kifike Kiranjeranje.

Mke wangu Adija alinipima mabega kwa macho, akaenda kutafuta ndoo.

Jumatatu, 2 Julai

Nimefukuza kuku. Wote, isipokuwa mmoja anayeatamia chini ya kiti cha mbele. Nilipomgusa alinidonoa. Nilipomgusa tena akatokea mwenye kuku, Bi Kidawa, na mwiko mkononi. Akasema we Kibwana, mayai yangu yakipoa utayaatamia wewe, na nitakusimamia mpaka yaanguliwe. Nikampoza. Nikamwahidi kiti cha mbele siku ya Saba Saba, juu ya kuku wake hasa. Akauliza mara mbili: cha mbele kweli? Nikaapa. Aliondoka akiimba.

Kumbe kuahidi hakuchoshi!

Jumanne, 3 Julai

Mashine ya boti iko kwa Mzee Nassibu. Anaitumia kuzuilia mlango usipigwe na upepo. Shikamoo yangu ilikuwa ndefu kuliko kawaida, marahaba yake fupi kuliko kawaida. Akauliza, na mlango je? Nikamletea jiwe zuri. Akasema jiwe halina heshima ya mashine. Basi nikamwahidi kiti cha mbele mpaka Songo Songo, kwa binti yake. Akaanza kuniuliza avae kanzu ipi.

Nikaibeba mashine kwa Evaristo, Mmakonde anayetutengenezea cherehani na mashine ya kusaga. Akaifungua. Ndani: nyigu. Tulikimbia, tukarudi. Evaristo akasema nyigu wametunza plagi vizuri sana, hakuna vumbi. Naye akataka kujua atakaa wapi siku hiyo. Nikamwambia.

Kiti chenyewe ni kipana. Kiasi.

Jumatano, 4 Julai

Ufa kwenye tumbo la boti, urefu wa kidole. Nikafanya kama tunavyofanya mashua zote hapa pwani: pamba, mafuta ya papa, nyundo, kalafati. Ufa sasa una urefu wa mkono. Kumbe hii si mbao! Ni faiba, kitu kama kioo kilichoota nywele. Haipendi kupigwa.

Nikatafakari kivulini. Nikapata! Marehemu babu alikuwa akipaka mishipi yake mafuta ya maganda ya korosho, yakikauka hata papa hakati. Nikakaanga maganda, nikakamua mafuta, nikachovya vipande vya gunia, nikabandika ndani na nje. Maridadi! Mafuta yaliyobaki nikapaka kiti cha mbele, king'ae kwa ajili ya wageni wangu.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umebabuka wote. Adija ananipaka nazi na kuniuliza: katika Wamwera wote na Wamatumbi wote, yupo mtu mzima asiyejua kwamba mafuta ya korosho yanababua ngozi? Nikamweleza kwamba yakikauka hayana neno. Akauliza yatakauka lini. Huyu mwanamke hana imani na maendeleo.

Alhamisi, 5 Julai

Mashine imenguruma! Tuliifunga kwenye pipa la maji. Evaristo akavuta kamba, akavuta, akavuta, akaitukana Kimakonde. Ikawaka! Ikamwaga maji yote ya pipa kifuani kwake, ikazimika. Tulikumbatiana. Evaristo alilia, au ni yale maji.

Kasoro ndogo: shingo ya mashine imeganda kwa kutu, imetazama kushoto, haigeuki. Evaristo anasema si neno, bahari ni pana.

Nimeipa boti jina, kwa rangi nyeupe: KUJITEGEMEA.

Ijumaa, 6 Julai

Mafuta hayajakauka. Niliweka kidole, kidole kikabaki. Nimekipata, lakini kwa mashauriano.

Baada ya swala Likwata akaja kukagua. Alikuwa anainama kuelekea kiti. Anainama! Nikamwambia haraka kwamba kiti kile ni cha Mwenyekiti, mgeni rasmi amwone yeye kwanza kabla ya mtu yeyote. Akanyooka. Akarekebisha kola. Hakukagua tena.

Nimemwagia kiti majivu. Kesho kuna jua, litakausha.

Jumamosi, 7 Julai. SABA SABA!

Watu kama siafu. Ngoma. Mgeni rasmi kivulini. Jua kali, al-hamdulillahi.

Walikuja wote wanne. Bi Kidawa na kanga mpya, Mzee Nassibu na kanzu ile niliyoichagua, Likwata na suti ya mikono mifupi, Evaristo na spana. Kila mmoja akasema kiti ni chake. Kila mmoja akanitazama. Nikatazama mashine. Mzee Nassibu akasema mtoto huyu tangu tumboni mwongo, akakaa. Basi wote wakakaa, wamebanana kama dagaa, kuku chini yao akilalamika.

Nikavuta kamba. Ikawaka! Tukaondoka! Upepo, povu, vigelegele, Bi Kidawa anapiga yowe la furaha! Tukakata kushoto. Tukakata tena kushoto. Tukapita mbele ya mgeni rasmi, akapiga makofi. Tukapita tena, akapunga mkono. Tukapita tena, akaketi. Tulivyozidi kupita akaagiza dafu. Tulikuwa kama ngamia anayezungusha kinu. Adija alisimama ndani ya maji mpaka magotini, anacheka, kanga inamvuka anaikamata, na kila nilipopita nilimpungia naye akanipungia. Toka anioe, samahani, toka nimuoe, sijamwona hivyo.

Petroli ikaisha. Wavuvi wa Songo Songo wakatuvuta kwa ngalawa. Mgeni rasmi akasoma jina ubavuni, akasoma na ile kamba tuliyovutwa nayo.

Kisha wakataka kusimama. Jua lilikuwa halijakausha, lilikuwa limeyeyusha! Kiti kikawakatalia. Wakasukumana, wakahesabu pamoja, wakajitupa mbele. Walitoka. Nyuma ya suti ya Likwata haikutoka. Mgeni rasmi aligeuka kutazama ghala kwa heshima.

Likwata, amejifunga kanga ya Bi Kidawa kiunoni, akatoa hukumu: boti iliyorudi ilikotoka haijakwenda. Nikaomba rufaa kwa mgeni rasmi. Akasema kwa kweli imekwenda sana, ila imekwenda mahali pamoja.

Hori.

Jumapili, 8 Julai

Abiria wangu wote wameamka wanajikuna. Likwata ameendesha kikao amesimama. Mzee Nassibu hajibu shikamoo yangu, lakini nimemsikia akimsimulia mtu ile kona, kwa mikono yote miwili, na anasema atarudi akipona.

Alfajiri nilibeba ndoo. Nilipofika nikamkuta Bi Kidawa na mwiko. Amekataza hori lisitiwe maji hata tone, kuku wake anaatamia, na safari ya jana haikumsumbua hata kidogo. Likwata hawezi kubishana naye, bado hajarudisha kanga. Basi nimepumzishwa mpaka vifaranga watoke!

Nikakaa juu ya ndoo, nikatafakari. Mgeni rasmi alisema jana kwamba kule Mitwero kuna trekta limelala porini tangu enzi za wakoloni, limekosa magurudumu tu na mashine. Tu! Nimekwisha kumwambia Likwata kwamba siku ya Uhuru, tarehe tisa Desemba, litalima mbele ya watu wote. Alicheka mpaka akasahau, akaketi.

Adija ameuliza jambo moja: trekta lina viti vingapi. Nimemjibu kwamba ni kimoja, cha mbele, na hadi sasa nimekiahidi kwa watu watatu tu.