Shule ya Roboti ya Mwalimu Siraje

Siraje wa Mpumudde, Jinja, hakuwa mwizi. Mwizi huchukua usiku akakimbia. Siraje alipewa mchana, tena akaombewa dua. Basi siku alipoona kwenye gulio la Buwenge sanduku la chuma likiuzwa kwa bei ya sabuni, alilinunua papo hapo. Ndani mlikuwa na vibati vyenye matundu, skrubu, magurudumu ya meno na vimota vya betri, vitu vya kuchezea vilivyoachwa na watoto wa Kihindi mwaka Wahindi walipofukuzwa nchini. Majeshi matatu yalikuwa yameipora nyumba yao, kila moja kwa zamu yake, na yote yaliliacha sanduku kwa kuwa hakuna afande aliyejua la kulifanyia.

Siraje naye hakujua. Lakini kusema alijua.

Jinja walikuwa wameshamzoea, akaenda zake Mbale. Vita vilikuwa vimepoa, Wahindi wameanza kurudi kudai viwanda vyao, na kila mzazi aliogopa mwanawe asije akaachwa nyuma. Siraje alikodi chumba uani kwa Hajati Mastula, mfanyabiashara wa kahawa, akawakusanya wazazi kumi na wawili.

"Vita imekula mashine zetu zote," aliwaambia kwa Kiswahili cha kambi za jeshi, ambacho watu wa huko walizoea kukitii kabla hawajakielewa. "Nani ataunda zingine? Sisi tumezeeka. Lete mutoto wa miaka sita. Wiki nne tu, ataunda roboti ya kuchambua kahawa. Mama atakaa, roboti itachambua."

"Na ada, mwalimu?"

"Gunia moja la kahawa kwa mutoto. Shilingi mimi siamini. Leo iko, kesho wanabadilisha."

Hapo hata wenye shaka walikubali, maana mtu asiyeiamini shilingi alionekana msomi. Hajati Mastula peke yake aliokota kimota kimoja akakigeuzageuza.

"Hiki kinawashwaje, mwalimu?"

"Swali zuri, Hajati. Elimu ni bahari."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tutafika huko."

"Sawa," alisema Hajati, akarudi kwenye ungo wake.

Kazi ya ualimu ilikuwa nyepesi. Kila asubuhi Siraje alimwaga vibati mkekani, akasema "Undeni," kisha akalala. Watoto waliunda, wakakosea, wakabomoa, wakagombana, wakaunda tena. Siku moja Shifa, mjukuu wa Hajati, alimwamsha kumwonyesha kwamba gurudumu dogo likishikana na kubwa, dogo huzunguka mara nyingi zaidi.

"Kwa nini, mwalimu?"

"Kwa sababu dogo lina haraka."

Shifa alimtazama kwa huruma, akaenda kuhesabu meno mwenyewe.

Siku ya kuhitimu ilipofika, magunia kumi na mawili yalikuwa tayari ndani ya lori nyuma ya nyumba. Siraje angehutubia kidogo, aseme roboti bado zinakomaa, kisha atoweke kabla ya chai. Lakini Hajati aliwatangulia wageni kwenye meza iliyofunikwa kitambaa mpaka chini. Juu yake kulikuwa na kopo la matundu lililoshikwa na mikono ya vibati, na magurudumu ya meno ubavuni. Shifa aliingia chini ya meza kushika mguu usitikisike.

Hajati alimimina kahawa iliyochanganyika na pumba. "Bismillahi," alisema. Kopo likaanza kutetemeka. Pumba zikamwagika chini, buni zikabaki ndani, safi kabisa.

Vigelegele vilipasua uwanja. Siraje aliduwaa. Miaka ishirini ya kudanganya, na leo uongo wake umetokea kweli! Alifurahi mpaka machozi yakamlenga, kisha akili ikarudi kazini. Huko Jinja alikuwepo mzee Ghanshyam, Mhindi aliyerudi kufufua kiwanda cha kahawa cha baba yake. Mtu kama huyo angeitoa hata nyumba kwa mashine kama hii.

"Hajati, hii lazima ikaguliwe na serikali. Nitaipeleka mwenyewe."

"Mashine ni ya watoto, na watoto tumewalipia kahawa. Ukitaka mashine, rudisha kahawa."

"Yote?"

"Basi iache."

Siraje aliteremsha magunia kwa mgongo wake mwenyewe, mbiombio, asije mama wa watu akashtuka kwamba anaibiwa. Shifa aliifunga mashine kwenye leso, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Usiifungue njiani, mwalimu. Itaingia vumbi."

Ghanshyam alimpokea ndani ya kiwanda kisicho na paa, fagio mkononi. Siraje aliweka mashine juu ya pipa, akamimina kahawa na pumba, akasema Bismillahi. Kimya. Akaisema tena kwa sauti zaidi.

Mzee alivaa miwani, akainama. "Mota hii kutu tupu, bwana. Zamani imekufa." Akapapasa kwa nyuma, akatoa uzi mrefu wenye kitanzi mwishoni, kitanzi cha kutosha kidole kidogo. Akauvuta. Kopo likatetemeka, pumba zikamwagika.

Siraje aliukumbuka mguu wa meza, na Shifa aliyeingia chini kuushika.

Ghanshyam aliendelea kuvuta uzi, akicheka kimoyomoyo, akiyatazama magurudumu kwa heshima. "Lakini fundi mzuri sana. Nani natengeneza?"

"Watoto wa Mbale."

"Miaka ngapi?"

"Sita."

Mzee alivua miwani, akamtazama vizuri tangu kofia mpaka viatu.

"Na wewe, bwana, miaka ngapi?"

Siraje alikuwa na arobaini na mitatu, na hakuona sababu ya kuitaja.