Tanuri Linalovuma la Mkolani

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimeanza! Jirani yangu Shigela anachoma matofali kwa magogo na pumba. Moshi wake unaingia mpaka kwenye uji wangu. Masista wanataka matofali ya zahanati, ila si kwa mtu anayemaliza miti. Basi mimi, Cleophace, nitachoma kwa haidrojeni. Umeme wa sola unapasua maji, gesi hiyo inaingia mtungini, mpira unaipeleka tanurini. Mke wangu Felicitas ameuliza nimejifunza wapi. Nimesema kwenye simu. Amejifunga kanga upya, akatoka.

Jumanne, 4 Machi
Niliwasha. Pu! Sikuona mwali wowote. Nikaongeza gesi, nikachungulia: mdomo wa tanuri mweusi tii. Nyusi zikaungua. Kumbe moto wa haidrojeni mchana hauonekani! Na unavuma. Sauti nyembamba, kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Shigela amekuja kuuliza nani yumo ndani.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Tanuri langu halina hata chembe. Majivu pekee yako kwenye paji langu. Ila linatoka jasho. Maji yanachuruzika ukutani, na mvua hakuna. Nimewaeleza kina mama waliokuwa wakipita kwamba haidrojeni ikiungua inakuwa maji. Wamenisikiliza kwa adabu, kisha wakazunguka kwa njia ya shambani. Mama Chenge amesema linalia, kuna mtu anaomba kutoka. Nimecheka. Kisha nikasikiliza vizuri. Sikucheka tena.

Ijumaa, 7 Machi
Watu wamejaa, hakuna anayesogea. Shigela akapenya.
“Jirani, moto wako uko wapi?”
Nikamwambia uko hapo hapo mbele yake.
“Mbona siuoni?”
Akanyoosha mkono. Nikapiga kelele, nimechelewa. Shati likawa jeusi, weusi ukapanda kuelekea kiwiko, naye amesimama tu, haurudishi mkono! Felicitas akamvuta kiunoni, akamtumbukiza mkono kwenye pipa la maji. Mimi nikafunga koki. Tanuri likaendelea kuvuma. Koki imefungwa, nimeishika mwenyewe, na linavuma! Lilinyamaza jioni, lilipotaka lenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwona Shigela hospitalini. Vidole vitapona, Mungu mkubwa. Nimempa pole na machungwa. Akatazama ukuta, akauliza aliyemshika mkono mle ndani ni nani. Nikasema ni moto.
“Moto hauvuti,” akasema. “Mimi nilivutwa.”
Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu.

Jumapili, 9 Machi
Sista Dorotea amekuja baada ya misa. Tumefungua tanuri. Matofali mekundu, ukiyagonga yanalia kama kengele! Akashika moja, akalisifu, akaliweka sikioni. Kisha akalirudisha polepole mno, akasema zahanati itajengwa kwa bloku za saruji.

Felicitas amekwenda kwa dada yake Kirumba. Amesema nichague, yeye au hicho kinachovuma. Nimetafakari kwa kina. Jiko limebaki tupu, na mpira wa gesi unafika mpaka dirishani. Sufuria zisizo na masizi! Akina mama wote wa Mwanza watanishukuru.

Nimebandika maharage, nimefungua koki, nimewasha. Sioni kitu. Bila shaka halijawaka. Ngoja niiname nichungulie.