Sukari ya Kirusi

Kijiji cha Busambilo Kati,
kwa njia ya Ushirombo,
Wilaya ya Kahama.
Novemba, 1983

Ndugu Mhariri,

YAH: VIRUSI KUOMBEWA SUKARI WAKATI WANANCHI TUPO

Nakusalimu wewe pamoja na kalamu yako. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mihogo.

Mimi ni Katibu wa Kamati ya Duka la Ushirika la kijiji hiki. Babu yangu alitoka Pangani akiuza chumvi, akafika hapa, akaoa, akasahau kurudi. Kwa hiyo mimi ni mwenyeji kwa njia ya usahaulifu. Sina ugomvi na sayansi. Redio ninayo, na betri zikipatikana naisikiliza. Lakini yanayotendeka hapa kwetu yamevuka mpaka, na kwa kuwa ngazi zote za chini nimeshazipanda nikashuka, nimeona nikuandikie wewe. Malalamiko nimeyapa namba ili yasikuchanganye.

1. Kwanza, kirusi mwenyewe hajulikani ni nani.

Tunaye hapa Daktari Salvina, binti wa Mzee Donatus wa upande wa Bukombe. Si daktari wa kudunga watu. Alikwenda Ulaya kusomea virusi vya mimea, akarudi, akapewa ghala la zamani la kiwanda cha kuchambua pamba awe anachunguza batobato, ule ugonjwa unaokunja majani ya mihogo na kuyapaka njano. Mwaka jana alituita mkutanoni akatueleza, kwa Kiswahili safi, na pale wazee walipokunja uso, kwa Kisumbwa.

Alisema kirusi hali, hanywi wala hapumui. Ni maagizo tu yaliyovikwa koti la protini, na huletwa na inzi wadogo weupe. Akishaingia ndani ya mhogo huvua koti, na mhogo ukaanza kuyasoma maagizo yake. Mhogo unayo maagizo yake wenyewe, ya kuotesha jani na kunenepesha mzizi, lakini unayaacha. Unashona makoti ya mgeni, unanakili maagizo ya mgeni, mpaka mizizi yake inabaki kama mikia ya panya.

Wenzangu walisikiliza kwa utulivu. Mimi nilishtuka. Anayefika mikono mitupu, ameshika karatasi tu, na wenyeji wakaacha shughuli zao wakamhudumia hadi wakonde, huyo kwa utaratibu wetu ni mgeni rasmi. Kama ni mgeni rasmi, mbona kamati haikupewa taarifa ya ujio wake?

Akaongeza kwamba maagizo hayo huitwa jeni, na kwamba kila chembe ya mmea inazo jeni zote, ila husoma zinazoihusu tu: ya jani husoma habari za jani, ya mzizi habari za mzizi. Utaratibu huo tunao hata sisi ofisini kuhusu nyaraka za wilaya, na hatukwenda Ulaya kujifunza. Niliuliza kwa heshima kama jeni zina udugu wowote na majini. Alisema hapana. Lakini hakulisema kwa mkazo.

2. Pili ni sukari, na hapa naomba uvue miwani uifute.

Hali unaijua. Duka letu lina chumvi, lina majembe yasiyo na mipini, na lina mimi. Sukari ikija kwa mgawo, kila kaya hupata ya kujaza kikombe. Daktari alikuwa na gunia zima. Kila alipoulizwa alijibu bila haya kwamba ni ya kazi ya virusi. Huikoroga ndani ya maji, nzito chini, nyepesi juu, katika mirija ya kioo, kisha humimina juu yake maji ya majani yaliyougua yakiwa yamechujwa, na mashine huizungusha mirija hiyo kwa kasi ya kutisha. Takataka zinakwenda zinakokwenda, na kirusi anasimama mahali pake katikati ya sukari. Nilioneshwa. Ni mstari mwembamba mweupe, kama maziwa yaliyosahauliwa ndani ya glasi. Nakiri ulipendeza. Lakini kupendeza ukiwa umezama kwenye sukari si jambo la kujivunia; hata mimi ningependeza.

3. Tatu, sungura. Ule mstari mweupe hunyonywa wakadungwa sungura. Damu ya sungura huzoea lile koti la protini, na baadaye tone lake likichanganywa na maji ya jani lenye ugonjwa huganda kama mtindi, hata kama jani hilo kwa macho linaonekana zima. Hivyo mkulima huambiwa akate mbegu kwenye mti huu, auache ule. Sina neno na kuganda. Neno langu ni kwamba sungura walidungwa kwa sindano mpya, wakati zahanati inaturudisha nyumbani na ushauri.

4. Nne, kukamatwa kwa Daktari, ambako kunasimuliwa vibaya na watu wasiokuwepo. Mimi nilikuwepo.

Mwezi wa nne ilipoanza kazi ya kuwasaka walanguzi, vijiji vyote jirani vilikamata watu. Sisi hatukuwa na mtu wa kumkamata. Kamanda wetu wa mgambo, Mabula, ni mtu mwaminifu, na jambo hilo lilimkosesha raha. Alisema tutaonekana hatufanyi kazi. Ndipo mtu mmoja akakumbuka ghala.

Tulikwenda asubuhi. Tulikuta gunia la sukari, chupa za spiriti, sabuni ya unga na dumu la mafuta ya taa. Daktari alitueleza kimoja kimoja. Sabuni ilikuwa ya kumvua kirusi koti. Spiriti ilikuwa ya kuyafanya yale maagizo yatuame chini yaonekane. Mabula aliandika kwamba mtuhumiwa anavua watu makoti na kupika gongo. Alipouliza sukari ni ya nani, Daktari, ambaye kwa wakati huo alikuwa amechoka, alijibu, “Ya kirusi.” Mabula akaandika.

Muda wote huo alikuwa amekaa. Tulipoinua dumu la mafuta ndipo aliposimama.

“Sukari chukueni,” alisema. “Mafuta ya taa niachieni. Jokofu likizima, kazi yote ya mwaka inaoza.”

Mabula alimjibu kwa upole, maana walisoma darasa moja. “Daktari, ushahidi haugawanywi.”

Wilayani hati ya mashtaka ilizua mambo. Ilisomeka kwamba mtuhumiwa alikutwa na sukari ya Kirusi, na wakubwa wakataka kujua imepitia mpaka gani kutoka Urusi hadi Ushirombo na nani mwingine anayo. Barua zilikwenda na kurudi, na Daktari akakaa mahabusu akizisubiri. Huku nyuma gunia halikuwa na usafiri, na sisimizi walianza kulizunguka. Kamati ilikaa ikaamua, kwa usalama wa ushahidi, kila mjumbe atunze sehemu nyumbani kwake. Ushahidi ulipoitwa ulikuwa umepungua kiasi cha kutoonekana. Kesi ikafa, Daktari akaachiwa. Kwa hiyo wanaosema kamati ilimdhulumu wasisahau kwamba ni kamati hiyo hiyo iliyomwokoa, kijiko kwa kijiko.

5. Tano. Alirudi juu ya lori la pamba. Jokofu lilikuwa limezima na harufu yake ilifika barabarani. Sungura hawakuwepo, maana mgambo waliolinda ghala hawakupewa posho ya chakula. Daktari alikaa kwenye kizingiti, mikono mapajani, akatazama ndani kwa muda mrefu. Kisha akainuka akaanza kuosha chupa.

Nalalamika kwamba hakumtukana mtu yeyote. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia. Huyu alinisalimia, “Shikamoo, Baba Chausiku,” nikaitikia marahaba, akaendelea kuosha.

Wakati huo mvua za mwisho zilikuwa zinaisha na watu wanataka kupanda. Mzee Athanas, jirani yangu, anayelea wajukuu wa marehemu binti yake, alikuja ghalani na mzigo wa miti ya mihogo kichwani. Aliutua mbele ya Daktari akauliza, “Sasa nani ataniambia mti upi ni mzima?”

Daktari aliinama akaipitia miti yote, akageuza kila kichomozo kwa kidole. Akamwambia kwamba kwa macho hata yeye hawezi kujua. Damu ya sungura ndiyo iliyokuwa inajua. Mzee akajitwika mzigo wake akaenda kupanda, maana asingeweza kuila ile miti.

Shamba lake lote limejikunja. Alifukua mashina ya mwanzo akatazama, akayafukia tena kana kwamba hakuona. Wajukuu amewapeleka kwa ndugu zake Buseresere, kwa kuwa huko michembe ya viazi vilivyokaushwa bado ipo. Nalalamika kwamba watu wakipita hapo hulitazama shamba, kisha hunitazama mimi. Mimi si inzi mweupe.

6. Sita, ambalo ndilo limenifanya nitafute karatasi. Wiki iliyopita Daktari alisimama mkutanoni. Alisema amepata sungura wengine, mashine ni nzima, na jokofu linawaka kwa mafuta aliyopewa na misheni. Kinachokosekana ni sukari. Wilaya imemjibu kwamba sukari ya utafiti haimo katika mgawo wa mwaka huu. Kwa hiyo aliomba, mbele ya akina mama na watoto wanaoijua Krismasi, kwamba mgawo wa kijiji unaokuja apewe yeye, wote, ili apime miti kabla watu hawajapanda.

Mwenyekiti, kwa busara, aliahirisha suala hadi Jumapili. Ndugu Mhariri, nimekuwa Katibu chini ya ukame na chini ya neema, lakini sijapata kusikia raia anaombwa atoe kikombe chake ampe adui wa mazao. Leo anapewa sukari, kesho atataka maandazi. Virusi wa mahindi wakisikia watakaa kimya? Wa tumbaku je, ambao ni wa zao la biashara na wana haki zaidi?

Hivyo basi naomba mambo haya, na nayaomba kwa unyenyekevu:

(a) Kirusi apange foleni dukani kama mwananchi mwingine, akiwa amevaa koti lake.

(b) Wataalamu watafute kirusi anayetumia chumvi, ambayo tunayo ya kutosha.

(c) Daktari Salvina ahamishwe haraka, apelekwe kwenye mkoa wenye miwa.

Nisalimie wafanyakazi wote wa gazeti, wanaoandika na wanaofuta. Uwasalimie na wasomaji wa Mhunze, ambako nina shemeji asiyejibu barua. Mwenyekiti anakusalimu. Mabula anakusalimu. Mzee Athanas hakusema kitu, lakini alikuwa anapita nilipokuwa naandika, nami nimemhesabu.

Wako katika ujenzi wa taifa na ulinzi wa bidhaa adimu,

Abdu Akida,
Katibu

Nyongeza: Barua hii ilikosa lori la Ijumaa, na kwa hiyo mkutano wa Jumapili umefanyika kabla haijaondoka.

Nilizisoma hoja zangu zote, kwa namba. Nilisikilizwa vizuri. Nilipokaa alisimama mke wangu, Mwanne, ambaye hana kawaida ya kusema mikutanoni kwa sababu husema nyumbani. Alisema, “Chai isiyo na sukari tumeinywa tangu mwaka juzi na bado tupo. Tukipanda tena ile miti ya kubahatisha, sijui mwakani atabaki nani wa kuinywa hiyo chai.” Akaketi, akafunga kanga yake upya.

Mwenyekiti akaita mikono. Wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Mabula. Waliofuata sikuweza kuwahesabu. Wangu ulikuwa wa mwisho, ila uliinuka, na hakuna aliyeushika kuuinua.

Sukari imefika leo na imekwenda ghalani moja kwa moja, haikupita dukani. Mabula aliibeba mwenyewe, kisha akakaa karibu na dumu la mafuta ya taa, na hadi sasa hajaondoka. Anasema yuko lindo. Watu wamepanga foleni nje na majani ya mihogo mikononi. Mwanne amenituma nipeleke yetu, na nimeambiwa foleni ni ndefu, kwa hiyo naandika haraka.

Naomba barua hii usiichapishe. Kama imeshapangwa mtamboni na haiwezi kutolewa, basi fanya hisani moja tu: kwenye ombi la (c), mahali nilipoandika “ahamishwe”, pasomeke “aongezewe sukari”, na habari ya miwa ifutwe.