Malalamiko Dhidi ya Membe Dume na Samaki Wake

Kwa Meneja wa Safari za Boti za Kisiwani,

Ndugu Meneja,

Pole na kazi. Mimi ni fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, na sijawahi kumwandikia mtu barua ya malalamiko. Kwa kawaida mimi ndiye ninayelalamikiwa. Wiki iliyopita, tukiwa likizoni, mimi na mke wangu, ambaye ni mwalimu wa darasa la kwanza, tulipanda boti lenu kwenda kuona viumbe wa kisiwani. Boti lilikuwa safi, injini iliwaka mara moja, na nahodha hakuwa na makuu. Sina neno juu ya hayo. Malalamiko yangu ni juu ya wanyama wenyewe, pamoja na mwongozaji wenu, yule bwana mrefu wa kipaza sauti.

1. Pomboo. Walitufuata ubavuni, na mwongozaji akaeleza kwamba sura zao zimeumbwa zikitabasamu, hata wakiwa wagonjwa. Mke wangu akasema, kwa sauti iliyomfikia nahodha, kwamba kumbe inawezekana mtu kutabasamu hata akiumwa. Hili peke yake ningelimeza.

2. Kasa. Aliibuka mmoja kando ya boti, tukaambiwa kwamba kasa jike hutaga mayai mchangani, huyafukia, kisha hurudi zake baharini. Mke wangu akauliza nani hubaki na watoto. Akajibiwa kwamba hakuna. Alishusha pumzi ndefu, akamtazama yule kasa mpaka alipozama, kama mtu aliyeachwa na basi. Tuna watoto wanne, Ndugu Meneja, na wote wamekwisha kuwa watu wazima. Sasa pumzi ile ilikuwa ya nini?

3. Farasi wa baharini. Hapa ndipo ninapoona nia mbaya, maana hatukumwona hata mmoja. Hakuna aliyeuliza habari zake. Mwongozaji alijitolea tu kutueleza kwamba kwa samaki huyo dume ndiye anayebeba mimba. Mke wangu akamwomba arudie, naye akarudia. Wanawake wote wakapiga makofi, na wanaume tukaanza kutafuta vitu ndani ya mikoba ambayo si yetu. Mke wangu akishajifunza jambo hulifundisha; ndiyo kazi yake. Tangu siku ile shemeji yangu, mdogo wake, haniulizi tena habari za kazi. Huniuliza kama nimeanza kliniki.

4. Kaa. (Naomba hili lisisomwe mbele ya wafanyakazi wengine.) Tuliposhuka kisiwani, mwongozaji aliokota kaa mdogo asiye na gamba lake mwenyewe, ambaye hutafuta gamba tupu la konokono, huingia humo na kuhamia. Nyumba tunayoishi aliijenga marehemu baba mkwe wangu. Mke wangu alikuwa akitazama mawingu huku mabega yakimtikisika. Niweke wazi kwamba nyumba ile nimeiezeka upya na kuivutia maji kwa mikono yangu. Kaa yule sikumwona akirekebisha chochote.

5. Membe. Sasa nimefika penye kidonda. Tulipokwisha kurudi botini, kule kwenye ncha ya mchanga alisimama ndege, membe jike, ametulia. Akaja dume na samaki mdomoni, akamzunguka. Jike akageukia pembeni. Dume akazunguka tena. Kufumba na kufumbua watu wazima boti zima walikuwa wamekaza shingo kumwangalia ndege. Mwishowe jike akampokea samaki, na mwongozaji akanong'ona kwenye kipaza sauti kwamba hawa wawili ni mume na mke wa siku nyingi, na bado dume humletea. Mke wangu akaweka mkono kifuani. Kisha akageuka kunitazama.

Wakati huo mimi nilikuwa namalizia biskuti zake. Alikuwa ameziweka chini, na mimi siwezi kuona chakula kinaharibika. Ni tabia ya kazi yangu. Alinitazama tu, akarudisha macho kwa ndege. Iliniuma, Ndugu Meneja. Mtu mzima na mvi zangu nilimwonea wivu ndege.

Naomba haki itendeke. Samaki wetu nyumbani wamo kwenye friza, na friza ile niliiokota imekufa nikaifufua mwenyewe. Ni membe gani anayeweza kubadilisha kompresa? Samaki wake akikosa kuliwa mchana huo ameoza. Wangu anakaa mpaka mwakani. Lakini nilipomweleza mke wangu hayo tukiwa njiani kurudi, alisema ni kweli, kwa upole, na upole ule ndio ulionikosesha usingizi. Nilipanda boti lenu nikiwa mume anayetosha. Nilishuka nikiwa mume wa kulinganishwa na ndege.

Kwa hiyo nadai yafuatayo:

(a) Mwongozaji aelekezwe kuzungumzia viumbe wasiooana tu, kama vile matumbawe, mwani na mawe.

(b) Siku boti likibeba wanandoa, membe wahamishiwe upande wa pili wa kisiwa. Ikishindikana, mambo yao ya nyumbani wayafanye baada ya saa za kazi.

(c) Nipewe barua yenye muhuri wa ofisi yenu, inayothibitisha kwamba mimi ni mume wa kiwango cha kawaida, na kwamba safari yenu haikukusudia kusema vinginevyo. Nitaibandika kwenye mlango wa jokofu.

(d) Mwongozaji akikaidi, aachishwe kazi.

Nisalimieni nahodha, wafanyakazi wote wa gatini, na wale wanaume wenzangu wa siku ile, mkiwaona. Wanyama msinisalimie.

Ni mimi, niliyeumia lakini mstaarabu,
Fundi wa majokofu, mume wa mwalimu

Tanbihi: Bahasha nilikwisha kuifunga, nimeichana. Leo nikitoka kazini nilipitia kwa muuza samaki nikachukua mmoja mbichi, sijui hata kwa nini, na friza imejaa. Mke wangu alikuwa sebuleni akisahihisha madaftari. Nikazunguka meza nimemshika samaki mkononi. Hakuinua macho. Nikazunguka tena, nimejinyoosha kama siku ya posa. Akaweka kalamu chini, akampokea kwa mikono miwili, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kicheko ambacho nilidhani kimekwenda na ujana wetu. Mimi nikakimbilia jikoni, na ndiko ninakoandikia haya. Tafadhali msimguse yule mwongozaji kwa lolote. Muulizeni tu, na mnijibu kwa simu maana barua itachelewa: dume akishapokelewa samaki wake, hufanya nini baada ya hapo? Alieleza, lakini nilikuwa nimenuna, sikusikiliza, na mke wangu bado amesimama sebuleni ananingoja.