Mhispania wa Nyansiongo

Ndugu na marafiki, leo sina uso. Asubuhi nilikuwa nao. Nimeupoteza mchana, huko Ekerenyo, mlangoni mwa watu ambao ninataka kumwoa binti yao.

Naandika haraka ili mlisikie jambo hili kutoka kwangu kabla hamjalisikia kutoka kwa baba yangu mdogo, Barongo, ambaye nimemwacha sokoni akilisimulia kwa mikono yote miwili.

Wengi wenu mnajua kwamba nimerejea juma lililopita kutoka Hispania, nilikokwenda kusoma Kihispania katika shule ya lugha mjini Salamanca. Mnaijua pia nia yangu: kufungua darasa hapa Nyansiongo, ili kijana wa Borabu yetu azungumze na ulimwengu bila kuazima ulimi wa mtu. (Nia hiyo ingalipo. Kilichopungua ni heshima tu.) Msichokijua ni namna nilivyofundishwa. Mwalimu wangu, Doña Remedios, bibi wa nywele nyeupe na sauti ya kengele, hakuamini kwamba lugha hukaa kinywani peke yake. Alisema hukaa mabegani, mikononi na shingoni. Siku ya kwanza alinijia kunisalimu kwa mashavu, kama mwanamke wa kule anavyomsalimu mgeni wake. Niliruka nyuma nikaangusha ubao wa kuandikia. Hakunicheka. Tangu siku hiyo alinisubiri mlangoni kila asubuhi, akanizoesha kwa subira ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine: shavu kwa shavu, upande huu, kisha upande ule, midomo isiguse kitu, halafu useme "encantado," yaani nimefurahi kukutana nawe.

Baada ya miezi kadhaa mwili wangu uliacha kuomba ruhusa. Akitokea mwanamke wa makamo mlangoni, shingo yangu ilikwenda yenyewe. Ninamstahi sana Doña Remedios. Aliifanya kazi yake vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Leo, basi, ilikuwa siku ya kujitambulisha rasmi kwa kina Kemunto. Yeye mnamfahamu: tulisoma chuo kimoja cha ualimu, na hakuna mtu ambaye nimetaka kuzeeka naye isipokuwa yeye. Wazazi wake wakinikubali leo, mazungumzo ya ndoa yanaanza. Wakinikataa, basi. Baba yake si mtu wa kubadili uamuzi.

Tulipanda pikipiki mbili, mimi na baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa upande wetu. Tulipofika kwenye mashamba ya chai yaliyo karibu na boma lao, alisimamisha msafara ili anipe maelekezo.

"Momanyi, sikiliza. Salamu ni zangu. Maneno ni yangu. Kazi yako ni kutazama chini na kumeza mate."

"Baba mdogo, mimi ni Mgusii."

"Ulikuwa. Juzi nimekuona ukinywa chai bila maziwa."

"Desturi zetu nazijua vizuri."

"Mama wa msichana?"

"Simsogelei, simkazii macho, simpi hata mkono." (Nilisema hivyo! Kwa kinywa changu! Pikipiki zilikuwepo!)

Wasomaji wa mbali wanisamehe, nieleze kidogo. Kwetu ipo heshima inayoitwa chinsoni, yaani ile haya inayolindwa kati ya kizazi na kizazi, na kwa mkwe na mama mkwe hulindwa kuliko kwa wote. Hamgusani. Hamsimami mlango mmoja. Ukimwona njiani, mmoja wenu hugundua ghafla kwamba ana shughuli upande mwingine. Vijana wengine huicheka. Mimi sijawahi kuicheka. Nimeandika hata insha ya kuitetea.

Tulipokewa vizuri. Mzee Nyakundi, baba yake Kemunto, mzee wa kanisa la Waadventista, alikuwa amevaa koti la Sabato ingawa leo ni Jumapili. Nilikaa nilipoonyeshwa. Nilitazama chini. Nilimeza mate. Baba mdogo alizungumza habari za mvua, za majani chai, za ng'ombe wa Borabu, akizunguka shabaha yetu kwa ustadi mkubwa. Mzee aliitikia kwa kichwa. Nyuma ya pazia niliona miguu ya Kemunto. Mambo yalikuwa mazuri mno!

Kisha baba mdogo akaninong'oneza kwamba kikapu cha zawadi kimebaki kwenye pikipiki. Nikatoka kukichukua. Nikarudi nacho, hatua za haraka, nikashika mlango wa kushoto uliokuwa karibu, nikainua macho ili nisijikwae.

Na wakati uleule Mama Kemunto alikuwa anaingia kwa mlango huohuo kutoka jikoni, sinia la ndizi za kuchemsha mikononi, akiamini kwamba wanaume wote wameketi.

Tukakutana uso kwa uso. Kizingiti kimoja. Mwanamke wa makamo. Mlango. Sura ya upole.

Shavu la huku. Shavu la kule.

"Encantado," nikasema.

(Midomo haikugusa kitu. Nasisitiza. Nitasisitiza mpaka kaburini.)

Kuku aliyekuwa uani aliacha kuchakura. Nataka iandikwe mahali kwamba Mama Kemunto hakupiga kelele, wala sinia halikutikisika, wala ndizi moja haikuanguka. Aliliweka sinia mezani polepole, akageuka, akarudi jikoni wima kama mtu aliyesahau chumvi. Ningekuwa mimi, ningepita dirishani.

Sasa hapa ndipo elimu yangu iliponimaliza. Akili yangu ilianza kufanya kazi, tena kwa kasi mbaya. Ilisema hivi: ukimsalimu mama peke yake kwa mashavu, umemtusi, ukiwasalimu wote, huo ni utamaduni. Nikaona mantiki yake haina kasoro. Nikavuka sebule, nikainama, nikamsalimu Mzee Nyakundi. Shavu la huku. La kule nililikosa kwa sababu alikwepa, nikaangukia begani kwenye koti la Sabato.

(Kule Hispania mwanamume hamsalimu hivyo mzee asiyemfahamu. Kwa hiyo nilikuwa nimevunja adabu za mabara mawili kabla ya chai.)

Nikamgeukia baba mdogo.

"Momanyi," akasema, akishika fimbo yake, "ukinigusa, kwenu utarudi kwa miguu."

Nikaketi.

Mzee Nyakundi alijifuta shavu kwa leso, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Barongo, huyu kijana mmemleta kuoa au kutuaga?"

"Mzee, ni masomo hayo. Ametoka Ulaya juzi tu."

"Masomo ya kubusu mama wa mtu?"

Nikasimama ili nieleze. (Mimi hueleza. Ni ugonjwa.) Nikasema kwamba kule ni ishara ya heshima, kwamba haina ubaya wowote, kwamba hata wamama wenye wajukuu husalimiwa hivyo.

"Kwa hiyo huko umewasalimu hivyo wamama wangapi?" Mzee akauliza.

Mnanijua. Sisemi uongo.

"Wengi, Mzee."

Baba mdogo alifunika uso kwa kofia. Nyuma ya pazia miguu ya Kemunto iliondoka mbio, na mimi nikaona maisha yangu yakiondoka nayo. Nilidhani amekwenda kulia. Mzee Nyakundi akainuka, akakitazama kikapu chetu, akasema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko hasira:

"Barongo, ninyi ni watu wazuri. Chukueni kikapu chenu kabla mvua haijaanza."

Baba mdogo akasimama. Nami nikasimama. Nilikuwa nimesafiri mbali kujifunza namna ya kuwakaribia watu, na sasa nilikuwa nafukuzwa kwa kuwakaribia mno.

Hapo ndipo shangazi yake Kemunto alipoingia kutoka jikoni, akifuta mikono kwa leso, uso umekazwa kama wa mtu anayezuia chafya.

"Mama Kemunto anauliza," akasema. "Huyu mgeni ni wa wapi?"

"Anajua ni wa wapi," Mzee akajibu. "Ni wa Nyansiongo."

"Anasema hapana. Anasema mtoto wa Nyansiongo, aliyelelewa na mama Mgusii, hawezi kufanya vile. Haiwezekani. Anasema huyu ni Mhispania."

Mzee akamtazama shangazi. Akanitazama mimi.

"Mhispania?"

"Ndiyo. Na anasema Mhispania hana kosa, kwao ndivyo wanavyosalimiana. Apewe chakula, ametoka mbali. Ama yule mkwe tuliyeambiwa atakuja, naona amechelewa. Tutamngoja Jumapili ijayo."

Ndugu zangu, nimesoma falsafa mihula miwili. Nimesikiliza mijadala ya maprofesa. Sijawahi kuona tatizo likifunguliwa vizuri namna hiyo, tena na mtu aliyekuwa amejeruhiwa nalo yeye mwenyewe, huku akipakua mboga. Hakuishusha chinsoni hata kidogo. Hakusema ni jambo dogo. Aliisimamisha palepale ilipokuwa, kisha akanitafutia mimi pa kupita.

Mzee Nyakundi aliketi. Masharubu yalimcheza.

"Barongo," akasema, "huyu Mhispania wako anajua Kiswahili?"

"Hata neno, Mzee."

"Ekegusii?"

"Atakijulia wapi?"

Nikafungua kinywa nirekebishe, maana dhamiri yangu haikutulia. Baba mdogo akanikanyaga. Akabaki amenikanyaga mpaka chakula kilipoisha.

Kwa hiyo nilikula kama mgeni wa ng'ambo. Chakula kilikuwa obokima, ule ugali wetu wa wimbi, ambao niliuota usiku na mchana nilipokuwa Salamanca. Wenzangu waliumega kwa mikono. Mimi nililetewa uma! Mmewahi kula ugali wa wimbi kwa uma mbele ya watu wanaokutazama kwa huruma? Mzee alinionyesha kwa ishara, taratibu, kwamba hiki ni chakula, hiki kinaingia mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa kwa mshangao unaofaa.

"Muulize kama kwao wana chai," Mzee akasema.

Baba mdogo akanigeukia akatoa sauti ambazo hazimo katika lugha yoyote. Nami nikajibu kwa Kihispania halisi, na kwa kuwa hakuna aliyenielewa, nilisema kila kitu. Nilisema kwamba naona aibu. Nilisema kwamba nampenda Kemunto, kwamba nitamtunza.

"Anasema ipo," baba mdogo akatafsiri, "lakini haifikii hii."

"Ah, ana akili!" Mzee akasema, akaniongezea.

Nikaona mlango umefunguka. Nikaendelea. Nikasema habari za Mama Kemunto, maneno ambayo mkwe hawezi kuyatamka kwetu, kwa sababu kumsifu mama mkwe hadharani kunakaribia kumgusa. Kwamba ametenda leo jambo ambalo ningependa kujifunza maisha yangu yote. Kwamba nyumba yenye mwanamke kama yeye haihitaji hakimu. Sauti yangu ilitetemeka kidogo. (Sawa. Sana.)

"Hayo je?" Mzee akauliza.

Baba mdogo alifikiri. "Anasema ndizi zimeiva vizuri."

Lakini jikoni kulikuwa na mtu ambaye nimekuwa nikimfundisha Kihispania kwa simu tangu nilipoondoka. Nikamsikia Kemunto akimnong'oneza mama yake, neno baada ya neno, akikwama, akirudi, akitafuta. Kisha kikafuata kicheko cha wanawake watatu, kile cha kuegemea ukuta. Ndipo nilipoelewa kwamba Kemunto hakuwa amekimbia kwenda kulia.

Shangazi akatoka tena.

"Mama Kemunto ana ujumbe kwa Mhispania. Anasema kama atapita Nyansiongo, na akamwona yule kijana wetu, amwambie asikose Jumapili. Na amwambie mlango wa kutokea jikoni ni ule wa kushoto, yeye apite wa kulia."

Baba mdogo akaniangalia kama mkalimani makini, akasubiri.

"Sí," nikasema.

"Anasema ndiyo," akatafsiri. Hiyo ndiyo tafsiri yake pekee iliyokuwa sahihi leo.

Tuliagwa kwa heshima. Kikapu kilipokewa, kama zawadi kutoka Hispania, ingawa ndani yake mlikuwa na sukari na unga. Mzee Nyakundi alinipa mkono kwa mbali, mkono ulionyooka kabisa, kiwiko kimekaza, tayari kwa lolote.

Sasa nawaomba jambo moja, nanyi ni watu ninaowaamini. Kucheka mtacheka, najua, nami siwezi kuwazuia. Ila mtu akiwauliza kama Momanyi amewahi kufika kwa kina Kemunto, mjibuni bila kusita: bado hajafika, anatarajiwa Jumapili, na atakuja mikono ikiwa mfukoni.